Pale pa Machozi

Jumatatu nimeandika kurasa nne
kati ya mteja wa fotokopi na mteja wa picha za pasipoti,
na zilikuwa nzuri, nasema kweli, zilikuwa nzuri:
Nyanzala anafika stesheni ya Tabora
na begi la kamba, na kuku ndani ya kapu,
usiku wa manane, mabehewa yanapokatwa,
haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, haya ya Mpanda,
na yule mtu wa nyundo anagonga magurudumu
akisikiliza lipi limepasuka.
Nikafunga duka nikipiga mluzi hadi Isevya.

Jumanne hakutaka kupanda.

Nilimpa tiketi. Nilimpa mjomba kule Kaliua.
Nilimnyeshea mvua ili atafute paa,
akajitanda khanga, akakaa palepale juu ya begi.
Nikamgeuza kuku akawa bata;
hiyo ndiyo kazi ya siku nzima.
Umeme ukakatika saa kumi jioni
nami, Mungu anisamehe, nikashukuru.

Jumatano: ratiba mbili za mazishi,
kadi za harusi mia na hamsini,
mtihani wa darasa la sita (swali la tisa
lina kosa, nimeliacha).
Usiku nikapata sentensi moja, pembeni mwa daftari la madeni.
Asubuhi nikaikuta ina doa la chai.
Doa lilikuwa na maana zaidi.

Halafu akaja mama mmoja kutoka Uyui,
utomvu wa tumbaku umeganda kwenye kucha.
Barua kwa kaka yake, Mpanda.
Yeye anasema, mimi nachapa:
shamba tumeshagawana, mbuzi wamebaki watatu,
*na msibani sikuja, wala si kwa nauli.
Nauli nilikuwa nayo mkononi.
Niliogopa mtanikuta sina machozi.*

Vidole vikasita.
Nikachapa. Na alipotoka kutafuta chenji
nikachapa tena, kwenye faili la pili.

Nyanzala akainuka juu ya begi.

Ijumaa yote alisema, mimi nikimkimbilia nyuma,
kurasa kumi na moja, uji ukagandia sufuriani,
Kabula akapita mlangoni mara mbili,
akaniangalia, hakuuliza.

Jumamosi mama karudi, bado ana vumbi la njia.
"Ile barua, mwanangu, hujaituma?
Pale pa machozi, pafute.
Andika tu nauli ilipungua."
Nikapafuta mbele ya macho yake.
Akalipa mia tano. Akasema ahsante mara tatu.

Leo duka limefungwa, nimo ndani.
Kidole kiko juu ya kitufe tangu misa ya kwanza
na sasa watu wanatoka misa ya pili,
nasikia viatu vyao vipya kwenye changarawe.
Nyanzala ana mguu mmoja kwenye kipandio,
bata anapiga kelele kapuni,
filimbi imeshalia,
naye amenigeukia, anangoja nimwambie
kama nauli anayo.