Kioo cha Daktari wa Meno

Nilikwenda na kioo cha daktari wa meno,
kile kidogo chenye mkono mrefu.
Nilikiazima kwa binamu yangu Mbeyu, hospitalini.
Akaniuliza, "Kwani gita nalo linang'olewa jino?"
Nikamwambia kweli iko ndani,
nje ni vanishi tu.

La kwanza, la Mtaliano wa Casuarina
anayefunga nyumba arudi kwao, goti limekataa ngazi.
Limelala sandukuni juu ya mahameli nyekundu
kama maiti wa kitajiri.
Kifua cha msonobari wa milima ya kwao,
vyuma vya shingoni havina mkwaruzo,
na cheti: mwaka, namba, sahihi ya aliyelichonga.
Nikagusa uzi mmoja.
Likajibu kwa adabu, kama karani wa benki.
Miaka arobaini, hakuna aliyelitia jasho.
Elfu sitini.
Nikasema nitarudi,
sote wawili tukijua maana yake.

La pili, Soko la Zamani, kwa Shekue fundi redio.
"Hili la mwaka hamsini na tisa, soma mwenyewe."
Nikapenyeza kioo tunduni: lebo ipo,
rangi ya kahawia, kingo zimeliwa.
Nikapeleka na pua.
Lebo ilinukia chai.
Tena ya tangawizi.
Shekue akatazama feni.
Tukacheka mpaka akanipunguzia elfu nne,
nami nikatoka nikiwa bado nacheka.

La tatu lilikuwa Maweni, kwa Dama, mjane wa Ngonyo,
yule aliyepiga mahotelini enzi za Wajerumani,
shati la maua, wimbo uleule mara nne kwa usiku.
Limeegemea kabati la vyombo.
Hapo nikatoa kalamu, maana bei hushushwa na kasoro:
ufa tumboni, umezibwa kwa gundi ya vitanda;
daraja limeinuka, shilingi inapita chini yake;
kigingi cha uzi wa tano si chake, ni nati ya baiskeli;
shingo (nikailenga kwa jicho moja kama mwenye bunduki)
imeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili.
Na pale kidole kilipopita miaka yote,
ubao umechimbika, unaingia ncha ya ulimi.
Ishirini, nikawaza. Labda kumi na nane.

Kisha kioo, na tochi ya simu mdomoni.
Mbavu zote zimeshika.
Nyuma ya ubavu wa pili, penseli:
mtu aliufungua mgongo wa gita kuutengeneza
akaona ukurasa mtupu.
*Kahindi 20.* Imekatwa mstari.
*Mwenye duka, unga.* Imekatwa.
*Chengo wa posta 70.*
Kioo hugeuza herufi; nikasoma tena, kinyume cha kinyume.
Baba yangu aliuza stempu pale posta miaka ishirini na miwili.
Hapakuwa na Chengo mwingine dirishani.
Sabini haikuwa na mstari.

"Umeona nini?" akauliza Dama.
"Mbao nzuri."
"Ngonyo akisema humo ndimo benki yake.
Mimi jicho langu haliingii."
Akataja thelathini,
kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kupunguza,
akangoja.
Ile karatasi ya kasoro iliniwasha pajani.
Nikahesabu thelathini.
Nikaongeza sarafu tatu za ishirini na moja ya kumi.
"Na hizi?"
"Za nyuzi."
"Nyuzi si utanunua wewe?"
Sikuwa na jibu.
Akanitazama kidogo, akazifunga kwenye pindo la leso.

Sasa liko kwangu.
Uzi wa tano hushuka, nati ya baiskeli haishiki.
Naukaza, unashuka.
Nimeuliza wazee: sabini ya miaka ile
ilikuwa mbuzi mzima, na chenji.
Naukaza tena.