Herufi Ukutani

Fundi Ndahani alipachika mrija wa dripu
kwenye ubao, kando ya dirisha la jiko,
akaukunja ukawa kama herufi U,
akatia maji aliyoyapa wekundu wa choya
ili macho yangu yasibishane nayo.
"Manometa," akasema.
"Mano nini?" mavyaa akauliza.
Tukaishia kuiita Herufi.

Ncha moja imeshikana na bomba
litokalo shimoni, kule samadi ya ng'ombe wanne
inakochemka bila moto.
Ncha ya pili haijashikana na kitu.
"Hii umeiacha wazi?"
"Wazi wapi," fundi akanijibu,
"juu yake kuna hewa yote ya Manchali,
toka mdomo huu wa mpira hadi hewa inapokwisha.
Unaibeba kichwani tangu uzaliwe
na hujawahi kuitafutia kata."

Basi ni kusukumana tu.
Gesi ikizidi, maji hushuka upande wake
na kupanda upande wa mbingu.
Usisome upande mmoja, alinionya,
kesi haiamuliwi kwa kumsikiliza mmoja:
shika wa juu, toa wa chini,
kinachobaki ndicho gesi ilichoizidi mbingu.

Nikajifunza.
Saa nane mchana, jua limeukalia mtambo:
sentimita thelathini na moja.
Alfajiri ya Julai, upepo unakata masikio:
ishirini na sita. Gesi ni ileile,
imejikunyata tu kwa baridi.
Ugali wa uwele hula nane.
Maharage hayasemeki.

Tulipomzika mzee Nhembo,
aliyelichimba shimo lile kwa sururu, miezi miwili,
Herufi ikaanza kusema jambo geni.
Usiku naiacha ishirini na nane,
asubuhi naikuta kumi na tisa.
Baridi haili tisa.
Nikapaka povu la sabuni kila kiungo,
koki, kona, shingo ya bomba,
nikainama kama mtafuta sindano:
hakuna hata lengelenge moja lililovimba.
Mume wangu akasema ng'ombe hawali vizuri.
Ng'ombe walikuwa wanakula vizuri kuliko yeye.

Saa tisa za usiku nikaamka.
Jiko linawaka, ua la bluu,
juu yake hakuna sufuria.
Mavyaa yuko kwenye kigoda, mikono magotini,
haangalii moto, anaangalia Herufi,
maji ya upande mmoja yakipanda,
ya upande mwingine yakishuka,
kidogo kidogo, yakitafutana.

"Yakilingana," akasema bila kugeuka,
"ndiyo kusema ndani hamna kitu?"

"Hapana, mama. Gesi ipo.
Imelingana tu na nje,
haisukumi, haisukumwi."

Akanyamaza, akalitafuna hilo.
Kisha akanyoosha mkono, akafunga koki.
"Ishirini na moja," akasoma,
yeye ambaye siku zote alituapia
kwamba namba hazijui.

Sikumwuliza. Wala kwa mume wangu
sikupeleka neno.
Kulipokucha nikaongeza shimoni
ndoo moja ya samadi, ndoo moja ya maji,
nikakoroga taratibu.