Bure, Ingia

Kibanda nilikiunda kwa kabati la jirani aliyefariki:
plaiwudi, pazia jekundu, bawaba zinazolia,
na kamera ya fedha za zamu za usiku
katika ghala la biskuti.
Nje niliandika kwa rangi ya mlango: PICHA. BURE. INGIA.
Mwaka wa kwanza hawakuingia.

Watu wa Ilkeston wamelelewa kukiogopa cha bure.
"Bure vipi?" aliniuliza Bi Hazel Oldknow, keki mkononi.
"Unauza nini, kijana?"
(Nina miaka hamsini na minne.)
"Siuzi."
"Ni dini?"
"Si dini."
"Uchaguzi?"
Nikamkabidhi sharubu za karatasi kwenye kijiti.
Akazitazama kama mtu anayesoma ankara,
kisha akanipa keki nimshikie.

Alitoka na picha nne
na cheko asilojua aliweke wapi.
Keki nilikuwa nimeshaimega pembeni. Sijawahi kukiri.

Huu ni mwaka wa saba.
Mvua huja kwenye tamasha kama mjomba anayejialika.
Kulia wanapima mamung'unye mazito kuliko watoto,
kushoto mbwa wanashindania utepe,
bendi ya tarumbeta inapiga huku ikitafuta turubai,
nami katikati na sanduku langu:
kofia ya haramia, pua za mpira, mataji ya kadibodi,
mkia wa nguva uliopasuka, ukashonwa, ukapasuka.

Anaingia polisi, anatoka na pua nyekundu.
Mabinti wanne wa Kipolandi kwenye kiti cha mmoja.
Mchinjaji na mwanawe, wasiosemeshana tangu Pasaka,
wanaingia kukwepa mvua tu.
Nasikia ndani: "Sogea."
"Sogea wewe."
Mmweko. Kimya. Mmweko.
Sitasema walipatana.
Mtoto alichukua picha tatu, baba moja.

Bwana Thirlby huja saa tisa kamili, tai imenyooshwa.
Taji moja hulivaa,
jingine huliweka kwenye kiti, kando yake.
Sijamuuliza. Napiga.
Kuna jambo katika picha ile
ambalo printa yangu haina wino wake.

Dada yangu Mwanakheri hunipigia kila Jumapili:
"Karatasi unanunua wewe, wino wewe,
mvua unanyeshewa wewe. Faida iko wapi?"
Namwambia mtandao unakatika.

Jibu ninalo.
Picha zangu zote, hadi miaka arobaini,
zilipigwa kwa amri:
Kaa wima. Vua kofia. Masikio yaonekane.
Funga mdomo. Usicheke.
Ukuta mweupe, sita kwa bei ya nne.
Ya pasipoti. Ya viza. Ya viza iliyokataliwa.
Ya viza tena. Ya kibali. Ya kitambulisho cha ghala.
Ukizipanga mezani utaona mtu mmoja
anayezeeka bila kufurahishwa na lolote.
Mama aliitia moja kwenye fremu,
akawa anawaambia wageni, kama anayeomba radhi:
"Huyu mwanangu. Hakuwa hivi."

Basi hapa sheria ni moja:
hapigwi mtu kabla hajavaa upuuzi.

Jumamosi iliyopita, tukifunga, ilibaki karatasi ya mtu mmoja.
Keira, mjukuu wa Bi Hazel, miaka tisa,
akanisukuma kwa mikono miwili: "Zamu yako."
Nikakaa. Mgongo ukanyooka wenyewe,
mdomo ukajifunga,
masikio yakajitokeza kama yameitwa na ubalozi.

Ya kwanza: pasipoti.
Ya pili: pasipoti yenye kofia ya haramia.
Ya tatu, Keira amefunua pazia, anauliza kama nimekufa.
Ya nne ina ukungu. Nimejipinda, nusu uso imekatwa,
meno yote nje, hata lile ninalolificha.
Hakuna ofisi duniani ingeipokea.

Nimeituma nyumbani.
Mwanakheri hakuuliza faida.
Ameuliza: jino hilo lilivunjika lini?