Kiwiko cha Elinami

Fomu inataka tarakimu: kasi, shabaha, hali ya mkono.
Sina mashine ya kupima kasi. Nina masikio.
Mwaka juzi, kwenye uwanja huuhuu wa Pasua,
mpira wake ulitua ndani ya glovu ya Shafii
kama mlango uliobamizwa na mwenye nyumba,
na mbuzi waliokuwa wakila kandokando wakainua vichwa.

Leo mbuzi wanaendelea kula.

Kano ilichanika Machi. Daktari wa KCMC alisema apumzike,
naye akapumzika kama wapumzikavyo vijana:
usiku akirusha ukutani soksi iliyoviringishwa,
mama yake chumba cha pili akihesabu, pu, pu,
hadi usingizi ukamchukua mmoja wao.
Haya kaniambia mama. Yeye mwenyewe hasemi.

Mpira wa kumi. Wa kumi na tano.
Kasi imepungua, andika. Lakini tazama:
zamani alirusha kama anayefukuza mbwa,
sasa anasubiri, anampa mpigaji
nafasi ya kukosea mwenyewe.
Ule wa mwisho ulikuja polepole, ukajikunja,
gongo likapita hewani
kama mtu anayekalia kiti kilichokwisha kuondolewa.

"Inauma?"
"Hapana, Mwalimu."
Kisha akainama kuichukua ndoo ya maji,
akaishika kwa mkono wa kushoto.

Wageni kutoka Dar wanafika Alhamisi.
Nimejaza kasi. Nimejaza shabaha.
Penye mkono nimeandika: ndoo.
Nikakata.
Nikaandika tena.