Konzi ya Mchele

Mizani tumeiazima kwa Zaithanga muuza nguruwe,
ya ndoano, inaning'inia kwenye boriti ya baraza,
na kila begi likipanda
Zova anasoma kwa sauti ya karani wa soko:
Ishirini na nne na nusu. Mama, toa.

Natoa sufuria. Natoa sweta;
huko Kambodia, wanasema, hakuna baridi,
na nchi imelala tambarare kama mkeka.
Sisi watu wa Aizawl, ambao nyumba zetu
zimeushika mlima kwa kucha,
mlango juu barabarani, jiko chini bondeni,
tutaishije mahali ambapo mpira ukidondoka
unabaki palepale ulipodondoka?

Sanga ananyoa ndevu huku akijifunza Kikhmer.
Moja hadi tano ni rahisi, asema,
kisha lugha inarudi nyuma kujiegemeza:
sita ni tano-na-moja,
saba ni tano-na-mbili.
Rinpuii, miaka kumi na minne, hajifunzi kitu.
Gitaa lake alimpa binamu yake,
akaliomba tena,
akampa tena.

Fomu ya misheni ilikuwa na kisanduku:
Idadi ya watoto.
Sanga aliandika wawili, akaniangalia,
kalamu ingali hewani.
Nikamwambia aendelee, ukurasa ni mrefu.
Jumanne nikapanda peke yangu makaburini
nikang'oa majani kwenye jiwe dogo
lenye jina na siku kumi na tisa.
Nilikuwa nimeandaa maneno.
Nikaishia kumwambia nani atakuja kufagia.
Nikishuka nilituhesabu, na bibi yao ndani:
tano-na-moja.

Ni yeye, bibi yao, aliyetushinda.
Miaka arobaini na mitatu, asubuhi na jioni,
Pi Thangkhumi hajaosha mchele
kabla hajachota konzi moja
akaitia kwenye debe la misheni.
Hata mwaka ule mianzi ilipochanua
na panya wakafagia maghala,
alichota.
Kina mama wa kanisa hupita na gunia, huuza,
fedha ikaenda kwa watumishi wa mbali
asiowajua hata kwa picha.
Haba na haba hujaza kibaba.
Hakuna aliyemwambia
kibaba kikijaa kitabeba nini kikiondoka.
Juzi usiku, ungo mapajani, hakuinua macho:
"Mimi nilitoa mchele.
Sikusema nitatoa wajukuu."

Sanga, aliyehubiri makanisa tisa mwaka huu
juu ya kwenda,
alitoka nje akasimama kwenye ukungu.
Mimi nikatafuta aya. Zikaja nyingi.
Nikazimeza moja moja,
maana alizijua kabla mimi sijazaliwa.
Nikavuta kigoda.
Tukachambua mawe mpaka taa ikakatika.

Leo mabegi yamekubali. Ishirini na tatu, yote manne.
Teksi ni saa kumi alfajiri.
Jikoni anapika chakula cha mwisho cha watu watano,
mkono unaingia kwenye gunia, unatoka,
konzi inasimama juu ya debe
na mimi nimeacha kukata kitunguu.
Kesho atapikia mtu mmoja,
kikombe kimoja,
na ngumi yake haijui kupungua.
Konzi imesimama.
Kisha mchele unagonga bati, mvua fupi,
naye anageukia maji kana kwamba hakuna kilichotokea.

Juu barazani Zova anapiga kelele:
Nani kafungua begi langu? Limezidi robo!
Anapekua mpaka chini kabisa.
Soksi moja, imefungwa fundo la kikongwe,
nzito, inachakacha.
Mchele! anacheka. Kambodia si wana mchele?
Bibi anaosha sufuria
iliyokwisha kuoshwa.

Iache hapo, nampigia kelele ngazini.
Toa viatu.