Ulimi wa Washa

Yamaha ya mradi imeanza kusema pale Ntokela,
barabara inapopanda kuingia ukunguni:
ngo, ngo, kila nikiachia mafuta,
kama mtu anayebisha hodi kwa goti.

Mradi ulikufa mwaka ule bei ya maziwa iliposhuka.
Ikabaki pikipiki, na herufi mbili kwenye madigadi,
na mimi, mhamilishaji wa kata tatu,
mtungi wa mbegu nimeufunga nyuma kwa mpira wa tairi,
simu ya Mzee Ambokile haiishi kulia:
"Anapanda wenzake tangu alfajiri! Uko wapi?"

Niko kwa Gwamaka, kibanda cha mabanzi, Isongole.
Amefungua mfuniko.
Oili na vumbi la miaka vikadondoka
kwa mabonge, kama ukoko wa sufuria.
Sproketi ya mbele, hiyo hapo.
Ukiishika kwa vidole viwili inakwenda, inarudi,
jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Nichomelee," anasema, waya keshauvuta.
"Nukta mbili tu. Haitikisiki mpaka kiama."

Sitaki mpaka kiama.
Nataka mpaka cheni ijayo.
Kilichochomelewa hakifunguliwi, hukatwa,
na shafti ya mwaka themanini na saba haina pacha dukani.

Lete msasa. Lete na lile kopo la maziwa.
Nakata bati, ukanda mwembamba kuliko kucha,
naulaza kwenye mifereji iliyolika,
naigeuza sproketi, ule upande mvivu nao ufanye kazi.
Gwamaka anakanyaga breki, mimi nakaza nati
mpaka bega liseme basi.

Halafu washa.
Ulimi wake umekunjwa na kukunjuliwa
na mafundi ambao sitawajua majina.
Naupiga kwa patasi, taratibu,
ulale juu ya bapa la nati.
Ulimi hauna mfupa, tunaambiwa.
Huu ni mfupa mtupu, na ndio unaoshika.

"Bati la kopo, dada!" Gwamaka anacheka,
anapokea elfu tatu, kopo lililobaki analificha.

Saa tisa na nusu. Ukungu umelalia viazi.
Ambokile yuko getini, mikono kiunoni:
"Umechelewa."
Sijachelewa. Aliyeanza alfajiri ni wa jioni.
Ng'ombe anatafuna, ananitazama
kama karani aliyekwisha funga dirisha.

Nanawa kwa sabuni ya kipande, mara mbili.
Oili ya kwenye kucha haitoki.
Navaa glovu juu yake, naivuta
mpaka kwenye lile bega.