Kitu Kisichojulikana

Jumatatu walituletea miwani,
jozi arobaini zimelala ndani ya sponji kama mayai,
na kijana mmoja kutoka Žilina, Vratko,
mhandisi, ndevu zake bado zinajaribu kuota.
Akasema: Vaeni, mtaona jinsi kiwanda kinavyofikiri.

Nikavaa.
Ukumbi ule ule, harufu ile ile ya mafuta na chuma,
theluji inayeyuka kwenye mabuti mlangoni,
lakini sakafuni palikuwa na duara jekundu
limemzunguka roboti wa kuchomelea.
Akinyoosha mkono, duara linatanuka;
akiukunja, linanywea.
Forklifti haijakata kona
nami nimekwisha kuiona, kivuli cha njano ndani ya ukuta.
Na lile bomba la mvuke
ambalo Gejza aliliachia ngozi ya kiganja chake
sasa limeandikwa hewani: nyuzi mia na arobaini.

Nilitaka kucheka.
Miaka thelathini na mmoja haya tumeyabeba kichwani,
nani aliungulia wapi, bati lipi huruka,
tukiwanong'oneza wageni saa ya chai.
Msimamizi wetu wa zamani alikuwa na jibu moja,
ajali haina kinga,
alilitamka hata siku ile yangu,
ameshika taulo
ambalo lilikuwa bado jeupe upande mmoja.

Basi nikaenda kwa mashine namba tatu,
ile inayokandamiza milango ya magari.
Umeme ulikuwa umekatwa; tulikuwa tunafanya mazoezi,
mashine ya nuru ilipanda na kushuka ndani ya ile ya chuma.
Nikanyoosha mkono wa kulia.
Mstari wa kijani ukauzunguka: MKONO.
Nuru ikasimama juu, kwa adabu, ikasubiri.
Nikanyoosha wa kushoto.
Hakuna kijani. Maandishi madogo ya kijivu:
kitu kisichojulikana.
Na ile nuru ikashuka,
ikapita katikati ya mkono wangu mpaka chini.

Mara ya pili, nikawaza.
Sikusikia maumivu. Nilisikia goti la kulia likitetemeka
peke yake, kama la mtu mwingine.

Vratko alikuwa amepauka.
Programu imefundishwa, akasema, kwa mikono maelfu.
Ya nani? nikamuuliza.
Ya... wanafunzi. Pale chuoni.
Nikauinua wangu mbele ya pua yake:
gumba, cha shahada, cha kati,
halafu hewa.
Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu,
lakini hivi vitatu vimelea watoto wawili
na kufunga nati kuliko umri wako kwa siku.
Kama mashine yako haiujui mkono huu,
inamlinda nani? Ambao haijawauma bado?

Hakujibu. Akaenda kuchukua kamera na kiti.

Nikakaa tangu saa nne hadi saa tisa,
fungua, funga, geuza, shika bisibisi,
shika chungwa, achia chungwa.
Saa ya chakula Gejza akaja na kiganja chake king'aavyo,
akaja Ilonka na kidole kisichokunja,
akaja mzee Ctibor wa stoo, ambaye hajawahi kumwonyesha mtu,
akavua glavu.
Foleni ikafika kwenye mashine ya kahawa.
Hakuna aliyesema neno la maana.
Ilonka alilalamika kwamba chungwa limelainika.

Alhamisi tukarudi kwa namba tatu.
Nikanyoosha wa kushoto.
Mstari wa kijani ukaanza kwenye gumba,
ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka,
ukafika pale penye pengo,
ukasita,
kisha ukafuata kovu taratibu, bila kulijaza.
MKONO.

Teremsha, nikamwambia Vratko.
Umeme upo, akasema. Leo ni chuma chenyewe.
Najua. Teremsha.

Kikashuka tani zake zote, kikakoma
shubiri moja juu ya ngozi.
Shubiri ya mkono wa kulia, lakini.
Wa kushoto hauna tena cha kupimia.